Kuku wa Miguu Minne

Mtu wa mtaa wetu wa Rhonda akikuambia hamjui Adero, ujue amehamia jana au anakudanganya. Kwa miaka ishirini na tatu kibanda chake cha mabati kimeonyesha picha kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi, na kwa miaka hiyo yote Adero mwenyewe amesimama kando ya televisheni, mpini wa ufagio mkononi, akiwaeleza watu kinachoendelea.

Kazi hiyo hakuitafuta. Alikuwa mjane mpya, marehemu amemwachia televisheni na madeni, na wiki ya kwanza tu ya biashara mashine ilikufa sauti katikati ya vita. Picha inakwenda, midomo inacheza, hakuna neno. Wanaume wakaanza kusimama. Adero akaona kibanda kinamponyoka. Akachukua mpini, akagonga kioo, akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Kaeni! Huyu wa kilemba chekundu ndiye aliyeua baba ya huyu kijana. Na leo ni leo." Wakakaa. Tangu siku hiyo, hata sauti ilipotengenezwa, watu hawakuitaka. "Mathe, mama yetu, nyamazisha hao Wachina. Ongea wewe."

Naye aliongea. Kichina hakukijua, Kiingereza alikijua cha kusalimia, na maandishi yanayopita chini ya picha yalikuwa kwake kama siafu wanaohama. Shule aliishia darasa la pili, na la pili lenyewe hakulimaliza. Lakini alikuwa na kiburi chake, na alikisema wazi: "Macho yangu hayakwenda shule, lakini hayajawahi kulala darasani." Steringi, yaani shujaa wa picha, akiangalia mlima, Adero alijua anamkumbuka mama yake. Adui akicheka, Adero aliwaambia watu amefanya nini na kwa nini Mungu bado hajamwona. Watu walitoka pale wamelia, wamecheka, wameridhika. Kwani mtu akienda kutazama picha anataka nini kingine?

Basi akaja Nicodemus.

Nicodemus si mgeni. Ni mtoto wa Nangila, Mbukusu wa Kiluhya aliyeuza mboga za sukuma mlango wa pili kutoka kwa Adero, wakapikiana, wakauguzana, mpaka Nangila akafa na Adero akashona shuka la maiti kwa mkono wake. Mtoto huyo alikunywa uji wa Adero na kuketi mkeka wa mbele tangu akiwa na meno ya maziwa. Akasoma, akasoma tena, akawa mwalimu wa filamu katika chuo kimoja kule Njoro. Siku aliporudi na wanafunzi wake, na kamera, na koti la kijivu, Adero alimfutia kiti kwa kanga yake.

"Mama, tunataka tu kukurekodi ukifanya kazi yako," alisema. "Kwa masomo."

"Rekodi, baba. Kama ni masomo, rekodi mpaka nywele."

Mwezi uliofuata akaleta mwaliko: siku ya filamu katika ukumbi mmoja wa mjini, na Adero ndiye mgeni wa heshima. Adero alivaa gauni la kitenge la arusi ya binti yake, akapaka mafuta hadi visigino. Akaketishwa mstari wa kwanza. Taa zikazimwa, na kwenye ukuta akajiona mwenyewe, mkubwa kama nyumba, na mpini wake.

Katika picha ile mzee mmoja Mchina alivaa kofia akatoka nje ya kibanda chake. Sauti ya Adero ikasema: "Mzee anasema hivi: ng'ombe wangu ameibwa, na leo mwizi atalala na viatu!" Picha ikasimama. Nicodemus akasoma maandishi ya chini kwa Kiswahili, polepole, kama padri: "Mke wangu ni mgonjwa. Ninakwenda kumtafutia dawa."

Ukumbi ukapasuka. Na kitu ambacho Adero hajakisamehe hadi leo ni hiki: yeye pia alicheka. Kwa muda mfupi alicheka na wenzake, akidhani kinachochekesha ni yule mzee. Kisha ikaja picha ya pili, na ya tatu, na kila mara maneno yake yaliwekwa kando ya maneno ya kweli kama nguo chafu kando ya safi, na kicheko chake kikamrudia kooni.

"Hii ndiyo tofauti ya kutazama na kuchambua," alisema Nicodemus. "Mtazamaji hulishwa kama kifaranga. Anafungua mdomo, anameza. Mchambuzi huuliza, hiki ni nini, nani amekipika?" Akaendelea: "Ukitaka kuijua filamu, zima sauti. Sauti itakudanganya. Tazama mikono ya watu, tazama vivuli, tazama vitu. Mwongo hukumbuka maneno yake, lakini husahau vitu."

"Mathe!" kijana mmoja aliita kutoka nyuma. "Ng'ombe ilipatikana?"

Adero hakuondoka. Kuondoka ni kuonekana ukiondoka. Alikaa mgongo wima mpaka taa zikawashwa, akapigwa picha na wanafunzi, akatabasamu. Maneno ya mwalimu alikuwa ameyafunga yote katika kichwa chake kama mtu anayefunga nyoka kwenye gunia, atakayehitajika baadaye.

Video ya kicheko kile, iliyopigwa kwa simu mlemle ukumbini, ilifika Rhonda kabla yake. Ilikuwa katika kila simu. Jioni hiyohiyo alipofungua kinywa kueleza picha, benchi la nyuma lililia "Mooo!" na kibanda kizima kikaanguka kwa kicheko. Akasubiri. Akafungua kinywa tena. "Mooo!" Baada ya wiki tatu vijana walikuwa wanatazama picha kwa simu zao, na wazee waliona aibu kupita mlangoni. Akabaki Ooko peke yake, mstaafu wa kiwandani mwenye goti bovu, aliyekuja kwa sababu nyumbani hakuwa na mtu wa kumsemesha.

"Achana nao, Adero," Ooko alimwambia. "Upepo huu utapita."

"Nitamlipa yule mtoto."

"Kisasi ni cha Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi, Ooko. Hii nitamsaidia."

Miezi saba alisubiri. Hakumpigia simu Nicodemus, hakumlaumu, na alipomwona kanisani alimpa mkono. Asiyemjua Adero angesema amesahau. Ooko, aliyemjua, aliacha kutaja jina la yule kijana mbele yake, kama watu wasiotaja moto karibu na petroli.

Siku moja saa nne asubuhi Nicodemus akapiga hodi.

"Mama, nimetengeneza filamu. Yangu mwenyewe. Nimeipigia hapahapa Rhonda, inaitwa *Mgeni wa Jumapili*. Kuna wageni watatoka Nairobi kuiangalia. Wakiipenda itakwenda ng'ambo. Lakini wanataka kuiona na watu wa mtaa, mahali pa mtaa."

"Na mtaa hauna mahali pengine."

Akacheka kidogo. "Mama, wewe ndiye mwanzo wangu. Nimewaambia hivyo."

Adero akamwangalia. Alikuwa na paji la uso la Nangila kabisa. Hiyo ndiyo sehemu iliyomuuma, kwamba uso ule ulivaliwa na huyu.

"Nitakupa kibanda bure," alisema. "Lakini picha ikiisha watu waulizwe maoni, na wa kwanza kuulizwa niwe mimi."

Nicodemus alifikiri kidogo tu. Mtu anayemdharau mwenzake hafikiri sana. "Sawa kabisa, mama. Uchambuzi ni wa kila mtu. Hata wageni watafurahi."

Na kwa kuwa mashine ya Adero ni mzee mwenye maringo, haimezi kila kitu, alimwachia filamu kwenye flashi ili aijaribu mapema. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Adero alifunga mlango kwa komeo, akashusha pazia, akazima sauti. Siku tisa, kila asubuhi, aliitazama filamu ile kama hakimu. Mara ya kwanza alilia, na nani asingelia: hadithi ilikuwa ya mama maskini anayetembelewa na kaka yake kutoka mbali, akamchinjia jogoo wake wa pekee. Alikasirika kwa kulia. Mara ya pili hakulia. Akaanza kutazama mikono, kama alivyofundishwa. Siku ya nne aliona mtungi. Siku ya sita aliona kivuli. Lile la sahani aliliona siku ya saba, na alipoliona aliinuka, akarudisha nyuma, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Kisha akaenda kupika chai, akaweka maziwa mengi, akainywa yote akicheka peke yake.

Jumamosi saa nane mchana kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa kwenye makreti ya soda. Mtaa wote ulitaka kujiona. Wageni walikuwa watatu, mkubwa wao mama mmoja mwembamba aitwaye Joyline, mwenye miwani na daftari. Wanafunzi wa Njoro walisimama ukutani. Filamu ikaenda, watu wakatulia, wengine wakafuta machozi, na mwisho wakapiga makofi ya kweli. Nicodemus alisimama mbele, uso unang'aa.

"Nilimuahidi mama yetu aseme wa kwanza," alisema, akawaonyesha wageni tabasamu la mtu anayeleta mtoto aimbe. "Wengi mnamjua kwa ile video."

"Mooo," alinong'ona mtu nyuma.

Adero alichukua mpini wa ufagio. "Nirudishieni mwanzo," alisema. "Na sauti mzime."

Mwanamke katika picha alionekana akitoka kisimani, mtungi wa lita ishirini kichwani.

"Mtungi una nini?" Adero aliuliza.

"Maji," walijibu.

"Simamisha hapo. Tazameni mkono wake. Anampungia jirani. Sasa anageuza shingo kuangalia kuku. Nyinyi wamama, nani hapa amewahi kubeba lita ishirini akageuza shingo kama twiga?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Angevunjika!" mmoja alipaza. "Hiyo ni hewa amebeba!"

"Ni hewa," alisema Adero. "Endelea. Simama. Mwalimu, hii ni saa ngapi?"

Nicodemus bado alikuwa anatabasamu. "Ni asubuhi mapema, mama."

"Kivuli cha mlango kimelala wapi, watu wa Rhonda?"

Wakatazama. Kila mtu alijua nyumba ile, ilikuwa nyuma ya kinu. "Kwa Town!" wakapiga kelele, wakionyesha mashariki, upande wa mjini.

"Na jua asubuhi hutoka wapi?"

"Kwa Town!"

"Basi mwalimu ametuletea jua jipya. La kwake linachomoza magharibi, kule Njoro anakofundisha."

Kibanda kilitikisika. Hata wanafunzi ukutani walifunika midomo. Joyline aliandika kitu. Tabasamu la Nicodemus lilibaki, lakini lilikuwa limebaki kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

"Mama, hivyo ni vitu vidogo," alisema. "Tuangalie ujumbe wa filamu."

"Si ni wewe ulituambia mwongo husahau vitu? Mimi ni mwanafunzi wako. Tuendelee. Nionyesheni sahani."

Sahani ikajaa kioo chote. Nicodemus aliipenda sana picha hiyo, unaweza kujua, kwa sababu kamera ilikaa hapo kitambo, mvuke unapanda.

"Jogoo wangapi wamechinjwa?"

"Mmoja!"

"Wa pekee?"

"Wa pekee!"

"Hesabuni mapaja."

Akagusa kwa mpini, na kibanda kizima kikahesabu pamoja naye kama watoto wa chekechea. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Kuku wa miguu minne!" alilia Ooko, akipiga goti lake bovu. "Mwalimu, hiyo kuku ilikuwa ikitembea ama ikiendeshwa?"

"Hiyo ni kuku ya pakiti, budaa!" kijana mmoja akamjibu mzee Ooko. Ni yuleyule aliyelia kama ng'ombe. "Ya supamaketi!"

Adero aliacha wacheke mpaka wachoke. Hakuwa na haraka, miezi saba ilikuwa imemfundisha. Kisha akashusha sauti, na ndipo hata waliokuwa nje mlangoni wakasogea.

"Ningesamehe mapaja," alisema. "Maskini akiongezewa mapaja hakuna ubaya. Lakini tazameni tena sahani. Mgeni ni mwanaume. Ni kaka wa mama mwenye nyumba. Amelala njiani kuja. Niambieni, firigisi iko wapi?"

Hakuna aliyecheka.

Msomaji kama si mtu wa upande wetu, uelewe hivi. Mjaluo ama Mluhya akichinjiwa kuku, firigisi ni yake. Unaweza kumpa shingo na miguu akashukuru, mradi firigisi iko juu ya sahani. Ikikosekana, chakula hicho si chakula tena. Ni ujumbe, na ujumbe wenyewe ni: inuka, uende, usirudi. Kuna mashemeji waliokufa bila kusemezana kwa sababu ya firigisi iliyoliwa jikoni.

"Huyu mgeni ametukanwa," alisema Adero. "Anakula, anatoa machozi, mwalimu anatuambia analia kwa kupendwa. Analia kwa kufukuzwa, na aliyeipika picha hii hajui."

Nicodemus alikuwa amepauka. "Ni... ni ishara, mama. Nilitaka kuonyesha umaskini."

"Umaskini wa mapaja manne?" aliuliza Ooko.

"Mtoto wa Nangila," Adero alisema, na jina hilo alilitoa polepole, alikuwa ameliweka siku zote tisa. "Mama yako alikuwa na siku hana hata chumvi. Hajawahi kumwekea mgeni sahani isiyo na firigisi. Wewe ulilelewa na watu hao, halafu unasomesha watoto wa wenyewe jinsi ya kuona." Akageukia kibanda. "Leo wageni wake ni sisi. Ametuita, ametukalisha, ametuwekea sahani. Sahani tumeiona."

Akaweka mpini chini.

Ooko alikuwa wa kwanza. Alivaa kofia yake, akajiinua kwa goti lile, akatoka bila kuaga, jinsi mtu anavyotoka katika nyumba iliyomnyima firigisi. Benchi lake likamfuata. Kisha lingine. Hakuna aliyezomea, hakuna aliyelia kama ng'ombe. Ungesikia viatu tu, na kreti moja iliyoanguka. Nicodemus alisema, "Jamani. Jamani, ketini kidogo," na hakuna aliyegeuka. Walibaki wanafunzi, wageni watatu, na Adero, ambaye hangeweza kutoka kwa kuwa kibanda ni chake. Alisimama akimwangalia Nicodemus kama mtu anayengoja sufuria ichemke, na aliiona ikichemka.

Joyline alipofika mlangoni alimshika Adero mkono. "Mama, haya ulisomea wapi?"

"Kwa huyu," alisema Adero, akamnyooshea kidole.

Filamu haikwenda ng'ambo. Winrose, mmoja wa wanafunzi wale, alikuja kumwambia, akamwambia pia kwamba kule Njoro mtu alichora kuku wa miguu minne kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu, na kila mwalimu akimfuta, kuku anachorwa tena. Adero alimwomba arudie hiyo ya mlango. Winrose akarudia.

Siku chache baadaye Nicodemus mwenyewe alikuja, bila koti. Adero hakumfutia kiti.

"Mama, umenimaliza."

"Hujaisha. Nakuona umesimama."

"Uliyosema ni kweli, sikatai. Lakini hukuyasema ili nijifunze. Uliyasema kunichinja."

"Na yako mjini uliyasema kwa nini?"

Macho ya Nicodemus yalikuwa mekundu. Adero alingoja ndani yake ije huruma, maana alimlea, na haikuja. Ilikuja njaa ya kumwona akisimama hivyo kidogo zaidi. Akamwacha asimame. Alipoondoka, alimsindikiza kwa macho mpaka kona ya kinu, na hakuna sehemu ya njia hiyo asiyoifurahia.

Watu walirudi. Jumanne mabenchi yalikuwa yamejaa, na yule kijana wa "Mooo" alikuwa amekuja mapema kushika nafasi ya mbele. "Mathe, leo tupigie story yote," alisema. "Usituchambulie, tafadhali. Tunataka raha."

Adero akaweka picha mpya ya mapanga na farasi. Steringi akakata watu kumi uwanjani. Kibanda kikashangilia, na Adero naye akainua mpini, na hapo ndipo alipoliona. Panga halikugusa mtu. Lilipita hewani, umbali wa shubiri nzima, na yule mtu akaanguka mwenyewe. Akatazama wa pili. Hewa. Damu ilikuwa nyekundu mno, kama rangi ya kucha. Hakutaka kuona, lakini macho yalikwenda yenyewe, kwenye mikono, kwenye vivuli, kwenye vitu, na kila kitu kilikuwa kinamwambia kimewekwa hapo na mtu. Miaka ishirini na tatu alikuwa ameingia katika picha hizi kama mtu anaingia kwake. Sasa alikuwa amesimama nje dirishani. Akamlaani Nicodemus upya, kwa laana mpya kabisa, kwa sababu hasara hii Nicodemus mwenyewe hakuijua, na hakuna wa kumsaidia Adero kuilipiza.

Kisha geti la ngome likafunguliwa, na kati ya askari waliotoka akaja, mzima, akitembea, mtu mwenye kovu shavuni ambaye steringi alikuwa ametoka kumkata shingo dakika mbili zilizopita. Wamembadilishia shati tu.

Adero alishusha mpini. Kibanda kikamgeukia.

"Mathe, ni nini?" aliuliza kijana. "Si huyo amekufa?"

Ooko naye alikuwa amejiinamia mbele, anangoja. Adero alikaza mkono kwenye mpini. Akagonga kioo mara moja, kwa nguvu.

"Aliyekufa ni ndugu yake," alisema. "Hawa ni mapacha. Na huyu ameshasikia. Tulieni sasa mwone: amekuja kulipa."